Je, vyombo vidogo vya habari vinaweza kumiliki mtambo mmoja bila kuwa na mhariri mmoja?

MlimaElgon (aliyeuliza)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mhariri wa tovuti ndogo ya habari inayoendeshwa na watu watano hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Tunaandika kuhusu mabaraza ya wilaya, bei ya kahawa, maporomoko ya ardhi katika miteremko ya Bududa na Bulambuli, na biashara ya mpakani Busia na Malaba. Ninalo swali moja, ingawa lina matawi: je, vyombo vitano au sita vya ukubwa wetu vinaweza kumiliki kwa pamoja seva, mfumo wa kuchapishia, mfumo wa kupokea malipo na fundi wa kuvisimamia, huku kila kimoja kikibaki na mhariri wake, jina lake na wasomaji wake?

Nieleze kilichonifikisha hapa. Tovuti yetu ilijengwa kwa ruzuku iliyotoka Marekani kupitia shirika la kati, na kazi ikapewa kampuni moja ya Kampala. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tarehe 20 Januari 2025, shirika la kati liliacha kulipa, kampuni nayo ikaizima tovuti. Hapo ndipo tulipogundua kwamba jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa jina la kampuni, nywila kuu zilikuwa kwao, na hifadhi ya habari zetu za miaka minne ilikuwa katika akaunti ambayo hatukuwahi kuiona. Tulikaa siku tisa bila kuchapisha chochote, tukibembeleza turudishiwe maandishi tuliyoyaandika wenyewe.

Sasa tumejenga upya, lakini teknolojia peke yake inameza karibu theluthi ya matumizi yetu, kiasi ambacho kingetosha kumlipa mwandishi mmoja akae Kapchorwa kwa kudumu. Ninajua kuwa wenzetu wa Lira, Fort Portal na Arua wanalipia vitu vilevile, kila mmoja kivyake, na kila mmoja akiwa na kijana wake anayekuja kurekebisha mambo siku akipata nafasi.

Matangazo hayatuokoi. Tangu Rais alipoagiza, Machi 2023, kwamba matangazo ya wizara na idara za serikali yaelekezwe katika shirika la utangazaji la UBC, hata matangazo machache ya zabuni tuliyokuwa tukiyatarajia yamekuwa ndoto. Wafanyabiashara wa mjini hutangaza wakati wa Krismasi na shule zinapofunguliwa, basi.

Hapa kwetu Bugisu jambo hili lina mfano wa kale. Kila mkulima ana mibuni yake na anajua shamba lake linaishia wapi, lakini hakuna mkulima anayenunua kiwanda cha kukobolea kahawa yake peke yake. Kwa nini sisi waandishi tunanunua kila mtu kiwanda chake?

NileMagharibi

Ndugu mhariri, pole kwa siku hizo tisa. Mimi ni fundi wa mifumo huku Arua, na nimewahi kuitwa mara kadhaa kufufua tovuti zilizokufa kwa namna hiyohiyo.

Jibu langu ni ndiyo, ila kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: programu, mashine, na funguo. Programu si tatizo la fedha. WordPress, ya kujengea na kuchapishia tovuti, ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha bila kuilipia; inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na kwa hiyo fundi wa kuijua hakosekani hata Koboko. Ghost, ya kazi hiyohiyo, nayo ni huria, inasimamiwa na taasisi isiyogawa faida, na haikati hata senti katika michango ya wasomaji. Superdesk, iliyotengenezwa na Sourcefabric, imetumiwa na mashirika makubwa ya habari kama AAP la Australia na NTB la Norwei, ingawa kwa chumba cha watu watano ni sawa na kukodi lori la kubebea kikapu cha nyanya.

Mashine nayo ni rahisi kuliko mnavyodhani, mradi msiinunue. Nasema hivi kwa sababu nimeona vikundi vikitumia ruzuku yote kununua seva, wakaiweka katika chumba chenye kiyoyozi, wakakata utepe mbele ya kamera, kisha umeme ukafanya kazi yake. Mashine ya kukodi katika kituo cha data, inayolipiwa kwa mwezi, inatosha tovuti sita za ukubwa wenu na nafasi ikabaki.

Tatizo liko kwenye funguo na kwenye malipo. Nianze na malipo, maana hapo ndipo ushirika wenu ungekuwa na maana ya kweli. Mifumo mingi ya uanachama wa wasomaji imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye kadi za benki. Ghost, kwa mfano, hupokea fedha za wanachama kupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti za wafanyabiashara wa Uganda. Msomaji wako wa Sironko hana kadi, ana simu. Kadi humkata mtu kila mwezi bila yeye kukumbuka, lakini malipo ya simu yanamtaka aweke namba yake ya siri kila mara. Kwa hiyo mnahitaji programu ndogo inayounganisha tovuti na pesa za MTN na Airtel, inayomkumbusha msomaji kwa ujumbe mfupi siku mbili kabla muda wake haujaisha, inayompa siku kadhaa za huruma, na inayotoa taarifa safi kwa mhasibu. Kuiandika kunachukua miezi, na kuitunza hakuishi, kwa sababu kampuni za simu hubadilisha masharti yao. Chombo kimoja hakiwezi kubeba gharama hiyo, ila sita vinaweza. Andikeni mara moja, mtumie wote.

Kuhusu funguo, kanuni yangu ni ngumu kidogo. Jina la kila tovuti lisajiliwe kwa jina la chombo chenyewe, si la ushirika wala la fundi. Orodha ya wasomaji wanaolipa inakiliwe kila wiki na kukabidhiwa kwa chombo husika, kwa sababu orodha hiyo ndiyo mali yenu pekee inayozaa. Nakala rudufu zikae katika nchi mbili tofauti. Na msiziweke tovuti zote sita ndani ya usakinishaji mmoja wa WordPress, hata kama ni rahisi, kwa sababu kiongezi kimoja kibovu, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye tovuti, kitawaangusha wote usiku mmoja. Kila tovuti iwe na chumba chake ndani ya nyumba moja.

Jambo la mwisho: mkiwa pamoja, mnakuwa shabaha moja. Ziko huduma za kuzikinga tovuti za habari dhidi ya mashambulizi ya kuzizidisha nguvu, yaani kuzifurika kwa maombi ya uongo hadi zianguke, na hazilipishwi. Deflect ni mojawapo, na Cloudflare imekuwa na mpango wake wa Galileo tangu 2014. Jiandikisheni kabla hamjahitaji. Lakini hakuna kinga ya namna hiyo itakayowasaidia intaneti ikizimwa nchi nzima, kama ilivyozimwa kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari 2021, wala haitawarudishia wasomaji mliowajenga ndani ya Facebook, ambayo ilifungwa siku hizohizo na miaka ikapita watu wakiifikia kwa VPN tu, yaani programu ya kuzunguka vizuizi vya mtandao. Ndiyo maana nasisitiza namba za simu za wasomaji ziwe mikononi mwenu.

Redioni_Kaskazini

Ninamheshimu fundi wa Arua, lakini naona anazungumza kana kwamba shida ya vyombo vidogo ni waya. Nimeendesha redio ya jamii huku kaskazini kwa miaka kumi na minne, na niruhusuni nisimulie ushirika tuliowahi kuujaribu.

Tulikuwa redio nne. Mfadhili alitununulia gari moja na mitambo ya kurushia matangazo kutoka nje ya studio, tuitumie kwa zamu. Karatasi ya zamu ilichapwa vizuri, ikabandikwa ukutani. Baada ya miezi mitatu gari lilikuwa limehamia kwa redio ambayo meneja wake ndiye aliyekuwa mwenyekiti, likienda mazishini na harusini, na kila tulipoliomba tuliambiwa lina breki mbovu. Hakuna aliyeiba. Ila hapakuwa na bei ya kulitumia, wala aliyeajiriwa kulitunza, na mwenyekiti alikuwa jirani yake kuliko sisi. Ushirika ulikufa kimya kimya bila hata kikao cha kuuzika.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama mnaweza kumiliki seva kwa pamoja, mimi nauliza: nani ataajiriwa kuitunza, na atalipwa na nani mwezi ambao wawili kati yenu hawajachangia?

Ninachokiamini zaidi ni kushiriki kazi yenyewe. Uganda Radio Network imefanya hivyo kwa miaka mingi: ina waandishi mikoani, inakusanya habari na sauti, na redio zinazolipa ada huzichukua na kuzitangaza kwa lugha zao. Redio yangu isingeweza kumweka mwandishi Moroto wala Kasese, lakini wasikilizaji wangu wanazisikia Moroto na Kasese. Wala wazo hilo si la jana. Associated Press, shirika la habari la Marekani, ilizaliwa mwaka 1846 kwa sababu magazeti ya New York yalichoka kulipa kila moja peke yake gharama ya kuleta habari za vita vya Mexico. Yaliendelea kushindana kwa ukali, lakini farasi alikuwa mmoja.

Kuhusu fedha, nitasema kitu ambacho huenda kisiwapendeze wanaopenda neno ruzuku. Mfuko wa utawala wa kidemokrasia uliojulikana kama DGF, uliochangiwa na nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Umoja wa Ulaya tangu 2011, ulisimamishwa kwa agizo la Rais mwanzoni mwa 2021, na mwisho wa 2022 ukafunga kazi zake. Tuliokuwa na vipindi vilivyolipiwa na mfuko huo tuliamka asubuhi ratiba ina mashimo. Miaka minne baadaye likaja hili la Marekani. Ukipigwa mara mbili na mkono wa aina moja unajifunza, na sisi tulijiwekea sharti kwamba chanzo kimoja, kiwe mfadhili, mtangazaji au mwanasiasa anayenunua saa ya maongezi, kisizidi robo ya mapato ya mwaka. Mwaka wa uchaguzi sharti hilo linatutesa kweli kweli, kwa sababu fedha za wagombea ziko mlangoni na tunazikataa.

Kinachotulisha ni matangazo ya vifo, ya ng'ombe waliopotea, ya vitambulisho vilivyookotwa. Si kazi ya kusifiwa katika makongamano, lakini mtu anayelipa shilingi elfu chache ili ukoo wake upate habari ya msiba hamtegemei waziri wala balozi. Tovuti zenu mna nini cha namna hiyo?

Kwa upande wa programu, tunatumia LibreTime kupanga vipindi, ni huria, na sijawahi kuilipia. Mtu wa kuijua ndiye ninayemlipia.

Msomaji_Bombo

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, mimi si mwandishi. Ninasoma tu. Naona mnajadili seva na wafadhili lakini sijaona anayeuliza kama msomaji anaweza hata kuifungua tovuti yenu. Ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018 iliondolewa, lakini tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 katika bando lenyewe. Tovuti moja ya habari niliyoifungua jana ilikuwa na video inayojichezesha yenyewe juu ya habari ya aya tatu. Nikaifunga.

Lile gazeti la The Continent, lililoanza 2020, hutumwa kama faili moja kwa WhatsApp. Ninalipakua mara moja na kulisoma hata nikiwa sina bando. Nikipata kitu kama hicho kila Ijumaa, kwa Kiswahili, chenye habari za halmashauri yangu, hospitali yangu na barabara ya kwetu, shilingi elfu moja kwa wiki nitaitoa bila kubembelezwa. Kwa habari za Kampala ninazozisikia bure redioni, sitatoa.

MlimaElgon

Nawashukuru nyote, na wewe wa Bombo usiombe samahani, kwa sababu umesema lile ambalo lingepaswa kuwa katika swali langu.

Mzee wa redio, umenigusa kwa lile gari. Naona sasa kwamba nilikuwa nikifikiria umiliki kabla ya kufikiria malipo ya mtunzaji. Kwa swali lako la ng'ombe waliopotea, tuna kitu kinachokaribia: kila Jumatano tunachapisha bei ya kahawa, mahindi na vitunguu katika masoko saba, na wanunuzi wawili wameshatuuliza kama wanaweza kulipia wazipate kwa ujumbe mfupi asubuhi mapema. Hatukuwajibu kwa sababu hatuna mfumo wa kuutuma. Pengine hilo linatangulia michango ya wasomaji.

Kinachobaki kunisumbua ni umbo la kisheria. Tusajiliwe kama nini? Wenzangu wawili wanasema shirika lisilo la kiserikali, kwa sababu wafadhili wamelizoea.

Mhasibu_Busia

Kwa kuwa mimi ni mhasibu na nimekagua vitabu vya ushirika wa akiba na mikopo kwa muda mrefu, niingie hapo.

Ningewashauri mfikiri mara mbili kuhusu shirika lisilo la kiserikali. Mnaingia chini ya sheria ya mwaka 2016 ya mashirika hayo, mnahitaji kibali chenye muda wake, na msimamizi wenu yuko Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo tangu 2024 imeichukua moja kwa moja kazi ya ofisi iliyokuwa ikisimamia mashirika hayo. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa tangazo moja. Mtambo unaobeba vyombo sita vya habari haufai kuning'inia kwenye kamba ya namna hiyo. Kampuni yenye ukomo wa dhamana, isiyogawa faida, ni nyepesi zaidi kuanzisha, na ushirika uliosajiliwa una sifa nyingine ninayoipenda, yaani mwanachama mmoja kura moja, hata kama mmoja ni mkubwa mara tatu ya mwenzake. Lakini sifa hiyo isiwalevye. Nyinyi wa Mbale mnajua kuliko mimi kwamba ushirika wa kahawa wa Bugisu, pamoja na ukongwe wake tangu miaka ya 1950, umepitia mivutano mingi ya uongozi, na serikali imeingiza mkono mara kwa mara. Kiwanda kizuri kinatamaniwa na wengi.

Lililo muhimu kuliko jina la usajili ni vifungu vitatu ambavyo watu huona haya kuviandika wakiwa bado marafiki. Cha kwanza ni bei: kila chombo kilipe ada ya kudumu inayotosha mshahara wa fundi, na juu yake ada kulingana na matumizi, ili anayerusha video nyingi asibebwe na anayechapisha maandishi matupu. Gari la kaskazini lingekuwa na bei ya kilomita, lisingehamia kwa mwenyekiti. Cha pili ni kuchelewa: asiyelipa miezi miwili tovuti yake ibaki hewani lakini apoteze kura, kwa sababu mkimzima mnakuwa sawa na ile kampuni iliyowazima nyinyi. Cha tatu ni kuondoka, yaani siku ngapi, nakala zipi, na nani anagharamia kuhamisha.

Halafu kuna hesabu ndogo ambazo huwa kubwa. Kutoa pesa za simu kunakatwa kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, mbali na ada ya kampuni ya simu, kwa hiyo michango isitolewe kidogo kidogo na kila chombo. Iende katika akaunti ya benki moja kwa moja na igawanywe kwa hesabu iliyo wazi kwa wote. Wekeni pia akiba ya miezi sita ya gharama za mtambo kabla ya kununua hata kiti. Na ruzuku ikija, itumike kwa kazi yenye mwisho, kama kuandika ile programu ya malipo, isitumike kulipa mshahara ambao hamtaweza kuuendeleza.

Redioni_Kaskazini

Hicho kifungu cha pili sikukifikiria. Tungekuwa nacho, labda tungekuwa bado tunaongea.

MlimaElgon

Basi nimepata pa kuanzia, nako ni padogo kuliko nilivyotaka. Nitawaandikia wenzangu wa Lira na Fort Portal kwamba tuwe watatu kwanza, tusisajili chochote kwa sasa, tuajiri fundi mmoja kwa mkataba wa miezi sita, na kazi yake ya kwanza iwe ujumbe wa bei za soko pamoja na malipo yake. Tovuti zikae zilipo hadi hapo.

Swali moja limebaki kwa NileMagharibi. Mmoja wetu akichapisha habari, kisha ikaja amri ya kuiondoa, anayeletewa amri ni nani: mwenye tovuti au mwenye mashine?

NileMagharibi

Watampelekea yule ambaye anwani yake ni rahisi kuipata, na mara nyingi huyo ni mwenye mashine. Ndiyo maana fundi wenu asiwe na uwezo wa kufuta habari ya mtu. Mpeni uwezo wa kuwasha, kuzima na kunakili tu, na ruhusa ya kugusa maandishi ibaki kwa mhariri wa tovuti husika. Liandikeni hilo katika mkataba wake, kisha mwonyesheni mwanasheria kabla hajatia saini, ili siku akifuatwa awe na karatasi ya kuonyesha kwamba anachoombwa hakimo mikononi mwake. Mchoro wa ruhusa hizo ninao kutoka kazi niliyoifanya mwaka juzi. Niandikie pembeni nikutumie.